Mti Usioandikwa Daftarini



Nataka kuwaeleza ndugu zangu wanachama, katika gazeti letu hili, shauri ambalo limenikaa moyoni tangu kiangazi kilichopita. Shauri lenyewe ni la miti ya mijini. Najua wako watakaocheka wakisema, Karani na miti wapi na wapi? Miti ni kazi ya Bwana Shamba. Lakini nawasihi wasome hata mwisho, maana nataka kuonyesha ya kuwa miti ya miji yetu haifi kwa jua na mchwa peke yake. Aghalabu hufa kwa sababu ya vitabu visivyoandikwa sawasawa, na vitabu ni kazi yetu sisi.

Kwanza nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika ofisi moja niliyopata kuitumikia, ambayo jina lake nitalificha, palifanywa siku ya kupanda miti. Hema likasimamishwa, viti vikaletwa, fulana zikagawiwa. Mgeni wa heshima akachelewa muda wa saa mbili, nasi tukamngoja juani. Nasema juani kwa kuwa uwanja ule haukuwa na kivuli hata cha kumtosha kuku. Alipofika ikapandwa miche 40. Kila mkubwa alishika koleo akapigwa picha, na jioni hema likafungwa. Mimi ndimi niliyezipanga hati za malipo katika faili, kwa hiyo naweza kusema bila kubahatisha: ilikuwako hati ya hema, ya viti, ya fulana, ya soda, ya mpiga picha, na ya miche yenyewe, nayo ilikuwa ndogo kuliko zote. Hati ya maji haikuwako. Wala haikuwako barua ya kumwambia mtu ye yote, Wewe fulani, kazi yako ni kuitunza miche hii mpaka ishike. Mvua za masika zikakatika. Mwezi wa Septemba nilikwenda kuhesabu iliyo hai, nikapata 6. Mtango wa nabii Yona uliota usiku mmoja na kukauka siku ya pili, lakini angalau ulimfunika kichwa siku moja. Miche yetu haikumpa mtu kivuli hata saa moja. Ulipofika mwisho wa mwaka, taarifa ya idara ilieleza ya kuwa imepandwa miti 40, na neno hilo lilikuwa kweli tupu. Aliyeipiga chapa taarifa hiyo ni mimi.

Sasa nitazameni kiti nilichokikalia nilipokuwa nikiipiga chapa. Kiti kile kina namba iliyoandikwa kwa rangi chini yake. Kimeandikwa katika daftari la vyombo, na tarehe ya kununuliwa, na bei, na chumba kilimo. Kikipotea, barua huja ya kuuliza. Na karani asipokuwa na jibu, hukatwa mshahara. Mti ulio nje ya dirisha hauna namba. Hapana ajuaye ulipandwa lini, wala na nani. Ukikauka hapana aulizaye, na fundi akija akaukata apate kupitisha bomba, atarudi kwao salama bila kuandikiwa hata karatasi moja. Na hali kiti hushuka thamani mwaka hata mwaka, mti hupanda.

Wako wasemao ya kuwa kivuli ni anasa, nasi tuna shida kubwa zaidi: maji, matibabu, ada za watoto. Sipendi kubishana nao kwa maneno matupu, basi nitaeleza kwa ufupi kivuli ni kitu gani. Kivuli cha mti si sawa na kivuli cha bati. Bati huzuia jua, lakini lenyewe hupata moto na kutushushia joto kichwani. Jani la mti hutoa mvuke wa maji kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji yageukapo kuwa mvuke huchukua joto na kwenda nalo. Ni kazi ile ile ya mtungi wa udongo, ambao hutoka jasho kwa nje na maji ya ndani yakapoa. Mwembe ni mtungi mkubwa uliosimama njiani. Tena, lami na kuta za saruji hulinywa joto mchana kutwa, zikalitoa usiku. Ndiyo sababu mtu akaaye katikati ya mji usio na miti hugeukageuka kitandani hata saa sita za usiku, ingawa jua limekuchwa zamani. Mwenye fedha hununua mashine ya kupoza chumba, nayo mashine hulitwaa joto la chumba chake na kulimwaga nje, yaani kwa jirani yake asiye na mashine. Mti haufanyi hila hiyo.

Mizizi nayo huifungua ardhi ikapata kunywa mvua. Tuliona mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilivyojaa na watu wakapoteza roho zao na mali zao. Sisemi miti peke yake ingaliyazuia, maana mto uliojengewa hata ukingoni una mashauri yake mengine. Lakini mtaa uliofunikwa saruji ukuta kwa ukuta hauna pa kuipeleka mvua ila kwa wale wakaao bondeni.

Na waliotutawala hawakukiona kivuli kuwa anasa. Walijikatia wao wenyewe. Wajerumani walianzisha Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893, mkubwa wake akiwa Dk. Stuhlmann, wapate kujaribu mimea ya biashara. Njia za upande ule wa mashariki, penye ofisi na nyumba za wakubwa, zikapandwa miti pande zote mbili, na hata leo mtu atokaye mjini akaelekea huko hujua kwa ngozi yake kwamba amefika mahali pengine kabla hajasoma kibao. Waingereza walipokuja wakaugawa mji, katika miaka ya 1920, kuwa sehemu tatu: ya kwanza ya Wazungu, ya pili ya biashara, walimokaa hasa Wahindi, na ya tatu ya Waafrika. Upande wa Oyster Bay viwanja vilikuwa vikubwa, nyumba moja na bustani yake. Upande wa Kariakoo, palipokuwa zamani shamba la minazi, viwanja vilikuwa vidogo, vimepangwa safu kwa safu kama mistari ya daftari.

Walakini wazee wetu wa Kariakoo hawakukosa kivuli kabisa. Nyumba yao ya vyumba sita ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma, na uani aghalabu palikuwa na mti: mwembe, au mpapai, au mnazi uliosalia wa shamba la kale. Chini ya mti huo palipikwa, palifuliwa, watoto walisukwa nywele, na mgonjwa alitandikiwa mkeka. Haukupandwa na idara yo yote, wala haukuwa na hati. Baadaye nyumba nyingi za namna hiyo zilibomolewa, yakasimama maghorofa yaliyokijaza kiwanja chote. Siyalaumu maghorofa, maana watu ni wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5. Ila ua ulipokwenda, mti ulikwenda nao, na hapana kitabu kilichoiandika hasara hiyo. Kwa sababu hiyo nasema kwamba kazi ya mti wa uani imehamia njiani, shuleni, zahanati, sokoni na kituo cha basi, nazo hizi zote ni mahali pa umma, zenye ofisi juu yake na karani ndani ya ofisi. Mama muuza mboga akiungua jua hapo, hana mwingine wa kumwuliza ila sisi.

Sitaki kupita pasipo kuitaja Mnazi Mmoja. Waingereza waliliacha wazi eneo lile kati ya sehemu ya pili na ya tatu ili kututenga, wakatoa sababu za afya. Lakini nyumba ya New Street, ambayo sasa ni barabara ya Lumumba, ilikuwa kando yake, na chama cha TANU kikazaliwa humo tarehe 7 Julai 1954, na mikutano yake ikafanywa katika uwanja ule ule. Mpangaji wa mji hakuliwaza jambo hilo hata katika ndoto. Ardhi iliyoachwa wazi wajukuu huweza kuitumia kwa neno jema ambalo babu hakulijua, ikishajengwa, hairudi.

Nasema hivi kwa kuwa viwanja vya wazi vya miji yetu vinapungua, nasi makarani twajua vinavyopungua. Havitwaliwi usiku kwa bunduki. Hutwaliwa mchana kwa barua: barua ya kwanza huomba kuweka kibanda cha muda, ya pili huomba ukuta wa kukilinda kibanda, ya tatu huomba kubadili matumizi ya kiwanja, na kila barua hupita masjala ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Sisemi karani ana mamlaka ya kukataa. Hana. Lakini anaweza kuliweka jalada la ramani ya zamani mahali linapoonekana, na kumkumbusha mkubwa wake kwa adabu kwamba kiwanja hiki kiliandikwa kuwa cha watoto kucheza. Jalada lisilopotea limekwisha kuokoa viwanja kuliko hotuba.

Na kama barua huweza kutwaa, huweza pia kurudisha. Mwaka 1989 palikuwa na shauri Nairobi la kujenga nyumba ya ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969 na Mzee Jomo Kenyatta kwa ajili ya raia wote. Profesa Wangari Maathai hakuwa na jeshi wala fedha. Aliketi akaandika barua kwa wakubwa wa nchi yake na kwa watu wa nje waliokuwa na sauti katika shauri lile. Alidhihakiwa hata Bungeni, na chama chake kikatolewa katika nyumba ya Serikali kilimokuwa. Hata hivyo nyumba ile haikujengwa. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani, na wengi wanamkumbuka kwa hilo. Mimi namkumbuka zaidi kwa kanuni moja ndogo ya chama chake cha Green Belt Movement, alichokianzisha mwaka 1977. Kinamama waliootesha na kupanda miche walipewa fedha kidogo, lakini hawakupewa kwa mche uliopandwa. Walipewa kwa mche ulioonekana kuwa hai baada ya kwenda kukaguliwa. Ndugu zangu, mtu aliyeitunga kanuni hiyo alielewa utunzaji wa vitabu kuliko wahasibu wengi. Kama kanuni hiyo ingalikuwako katika ofisi ile yangu ya zamani, taarifa ingaliandikwa miti 6, na mkubwa mmoja angalitakiwa kueleza habari za ile 34.

Mfano wa pili natoa mbali, Singapore, kwa sababu wako wapendao kuusifu mji ule bila kujua uliyoyafanya. Waziri Mkuu wake, Lee Kuan Yew, alianza kupanda miti mwaka 1963, na mwaka 1967 Serikali yake ikatangaza shabaha ya kuufanya mji kuwa bustani. Nasi huiga hapo, kwenye koleo na picha. Lakini yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba ilimpasa kuanzisha idara ya kuitunza miti baada ya kupandwa, maana kupanda peke yake hakutoshi. Mwaka 1975 ikawekwa sheria ya bustani na miti, hata wajengaji wakalazimishwa kuacha nafasi ya miti katika viwanja vyao. Mtu atasema, Singapore ni tajiri. Ni tajiri leo. Mwaka 1963 haikuwa hivyo. Tena huko mvua hunyesha karibu kila mwezi, na bado waliona hapana budi kuwe na idara ya utunzaji. Sisi Dodoma, ambako watumishi wengi wamehamia pamoja na Serikali, twapata mvua kati ya Desemba na Aprili, kisha ni ukavu. Mche uliopandwa huko mwezi wa Machi kwa matarumbeta utakaa miezi kama saba bila tone. Asiyeandika nani atauletea maji mwezi wa Agosti hajapanda mti, amezika kijiti.

Juu ya maji nasikia sauti ya mke wangu akiniuliza, Maji yapi, hayo ninayoyanunua kwa ndoo? Namjibu ya kuwa mche mchanga hautaki mto. Ndoo moja au mbili kwa juma, zikimwagwa polepole shinani jioni, zitausaidia kuvuka kiangazi, na maji ya kuoshea mchele na mboga yatafaa kabisa. Katika nchi kavu watu hufukia chungu kisichopakwa dawa ya kung'arisha kando ya shina, wakakijaza maji, nacho huyapenyeza kidogo kidogo penye mizizi. Chupa iliyotobolewa nayo husaidia. Majani makavu yatandazwe shinani jua lisinyonye unyevu. Na mbuzi awekewe miiba, kwa kuwa mbuzi hasomi kibao.

Katika kuchagua miti pia twakosea mengi. Mti unaopandwa sana siku hizi ni ashoki, ule mrefu mwembamba uliosimama kama askari wa zamu. Wapendeza, nakubali, na hauchukui nafasi. Lakini kivuli chake ni cha kumtosha mtu mmoja naye asimame wima. Kwa uwanja wa shule au zahanati sioni upitao mwembe, au mkungu unaotandaza matawi yake kama ghorofa. Mwarobaini huvumilia ukavu, na mjohoro hukua upesi. Mkrismasi huchanua vizuri sana mwezi wa Desemba, lakini mizizi yake hukaa juu juu na kuinua sakafu, basi uwekwe mbali na njia ya miguu. Mkuyu na ndugu zake wasiwekwe karibu na nyumba wala mabomba. Na tafadhali, mti mkubwa usipandwe chini ya waya wa umeme, kisha tukaja kuwalaumu wakata matawi wakiuacha kigutu. Kosa lile lilifanywa na aliyechimba shimo bila kutazama juu.

Basi naomba jambo moja kwa chama chetu. Katika mkutano mkuu ujao, kila tawi litakiwe kuanzisha daftari la miti ya uwanja wa ofisi yake, lililopigwa mistari sawa na daftari la vyombo: namba, aina ya mti, tarehe ya kupandwa, jina la mtunzaji, na safu mbili za ukaguzi, mmoja wa Juni na mmoja wa Novemba, penye kuandikwa hai au umekufa. Mtunzaji akihamishwa, aikabidhi miti kwa maandishi kama akabidhivyo funguo. Na katika makisio ya siku yo yote ya kupanda miti, fedha ya maji na ya mtunzaji kwa miaka miwili iandikwe juu ya fedha ya hema. Ikiwa fedha haitoshi kwa yote mawili, hema liachwe. Wageni wa heshima wakiungua jua kidogo, huenda wakaiona haja ya mti upesi zaidi kuliko sisi tunavyoweza kuwaeleza.

Huenda wengine wakasema hatuna ruhusa ya kuongeza daftari jipya bila agizo. Hakuna kanuni ninayoijua imkatazayo karani kununua daftari la mazoezi kwa fedha yake mwenyewe na kuandika ndani yake mambo ya kweli. Mimi nimekwisha kununua. Siku zilizopita nilipata ruhusa ya kurudi katika ile ofisi ya zamani kwa kazi nyingine, nikaiandika miti 6 iliyosalia, namba 1 mpaka 6. Minne ni miarobaini, miwili ni mikungu. Mlinzi wa lango, mzee mmoja mpole, amekubali jina lake liandikwe katika safu ya mtunzaji, kwa sharti kwamba kiti chake kihamishiwe chini ya namba 2. Namba 4 imeinama kwa upepo, nami nimemwachia kamba na mti wa kuiegemeza. Nitakwenda tena mwezi wa Novemba kujaza safu ya ukaguzi, na nikipewa nafasi nitaandika humu nilichokikuta.

Wasalaam,

Ni mimi wenu,
Karani wa Masjala